Shangazi wa Dunga: Mpime Kinywa Kabla ya Rangi

Mwezi huu hakuna aliyeniuliza kuhusu mume. Barua zote zilizonifikia ni za samaki, tena si samaki wa sufuria, bali wale wa kutazamwa. Sikushangaa. Tangu mafundi wa vioo wa mtaani wajue kubandika vioo vitano kwa silikoni na kuuza tangi, kila sebule ninayokaribishwa ina maji yanayotoa mapovu pembeni, na mwenye nyumba hunivuta mkono kabla sijaketi: "Shangazi, njoo uone." Naona. Mara nyingi ninachoona ni matanga yaliyo njiani.

Nimeuza samaki ufuoni miaka mingi kuliko ninavyopenda kuhesabu, na nyumbani nina tangi la futi nne ambalo limenifunza adabu. Haya, tufungue bahasha.

*Hujambo Shangazi? Nilinunua gapi ishirini wenye mikia ya rangi zote, pamoja na oska mmoja mdogo kama kidole gumba. Muuzaji alinipunguzia bei ya huyo oska. Kila asubuhi nahesabu, na kila asubuhi wamepungua. Wamebaki saba. Mke wangu anashuku paka wa jirani. Mimi namshuku msichana wa kazi, huenda hafuniki tangi vizuri. Oska mwenyewe ni mpole, akiniona hunitazama kwa macho ya huruma. Tufanyeje? Ni mimi, Hesabu Haitimii, Milimani.*

Hesabu Haitimii, mwombe msichana wa kazi msamaha leo hii, na yule paka mnunulie omena wa shilingi hamsini. Anayekutazama kwa macho ya huruma ameshiba.

Oska ni mtu wa Amazoni, na kiukoo ni binamu wa ngege wetu. Anauzwa akiwa kidole gumba kwa sababu angeuzwa akiwa mtu mzima ungemwona kinywa, na ungeondoka dukani. Akitunzwa vizuri anapita sentimita 30. Hana ubaya wowote moyoni. Samaki wengi hawana meno ya kutafuna kama yako wala mikono ya kushikia; kwao kitu kinachoingia kinywani ni chakula, na kisichoingia ni jirani. Basi unapochagua samaki wa kuongeza, muulize muuzaji swali moja kabla ya kuuliza bei: huyu akikomaa, kinywa chake kitakuwa na upana gani? Kinywa cha leo usikipime. Pima cha mwakani.

Nakuambia kwa sababu yamenikuta. Mpwa wangu aliniletea mumi mchanga kutoka vichakani mwa mafunjo, mweusi, mwembamba kama kalamu, mwenye sharubu nane zilizokuwa zikinichekesha. Nilimtia pamoja na moli wangu kumi na wawili. Mchana kutwa alilala chini ya jiwe kama mgonjwa. Usiku mumi hahitaji macho, sharubu zinamtosha. Siku ya nne nilikuwa na mumi mmoja mnene na tangi lenye nafasi tele.

Lakini usijilaumu mno. Waliosoma kukushinda walifanya yayo hayo, na tangi lao lilikuwa na ukubwa wa kilomita za mraba zaidi ya 68,000. Ziwa hili letu la Viktoria lilikuwa na fulu wa aina zaidi ya 500, samaki wadogo wenye miiba, na maofisa wa uvuvi wa enzi za Mwingereza waliwatazama kama unavyotazama chenji: pesa ni pesa, lakini afadhali noti. Wakaona dawa ni kuleta samaki mkubwa awale wadogo, kisha binadamu amle mkubwa. Mwaka 1954, upande wa Uganda, mbuta, ndiye huyo mkubwa, akatiwa majini kimyakimya. Mtaalamu mmoja, Geoffrey Fryer, aliandika mwaka 1960 akionya kwamba jambo hilo halifai. Miaka miwili mitatu baadaye mbuta wengine wakamwagwa, safari hii hadharani.

Na hapa ndipo ninapotaka unisikilize vizuri, wewe ambaye oska wako bado ni "mpole". Kwa karibu miaka ishirini hakukutokea kitu cha kutisha. Wavuvi walimpata mbuta mmoja hapa, mwingine pale, watu wakapiga picha. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 1980, nyavu za Ghuba ya Winam zikaanza kuja na mbuta watupu. Fulu waliokuwa wakijaza vikapu wakawa wa kuhesabika. Watafiti wanakadiria aina 200 hivi zilitoweka, nyingine kabla hata hazijapewa jina. Mbuta alipomaliza fulu akageukia omena na uduvi, na hao walipopungua akala watoto wake mwenyewe.

Sitasema mbuta hakutusaidia. Karo ya wanangu wawili ilitoka kwake. Viwanda vilijengwa Kisumu, minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya, na sisi tukabakiwa na mgongo wazi: kichwa, mfupa na mkia, vinavyokaangwa kule Obunga mpaka mtaa mzima unanukia. Ni kitamu, sikatai. Ila ukila mgongo wazi ujue unakula hesabu ya mtu aliyeona kinywa kidogo akadhani kitabaki kidogo.

Oska wako mtafutie tangi lake pekee, la lita 300 au zaidi. Gapi saba waliobaki waongezee wenzao, wapate kusahau.

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni kijana wa Ahero. Kwenye mashamba ya mpunga nimenasa kamongo wa futi moja. Nina tangi la futi mbili lenye moli na gapi. Nikimshibisha nyama kwanza, hawezi kukaa nao kwa amani? Ni mimi, Mpenda Vya Asili.*

Marahaba, mwanangu. Umenasa mzee. Kamongo ana mapafu. Yeye hupanda juu kuvuta hewa kama mimi na wewe, na ukimzuia asifike juu anakufa maji, samaki mzima. Jamaa zake walikuwepo kabla hakujakuwa na ziwa. Sasa wewe unataka kumweka sebuleni na samaki wa ukubwa wa msumari na umwamini kwa sababu amekula nyama ya mia moja.

Kinywa chake kimeumbwa kuvunja konokono. Kidole chako si kigumu kuliko konokono. Isitoshe, anaweza kufika urefu wa mita moja na nusu na zaidi, na tangi lako, kwa maelezo uliyonipa, lina futi mbili. Mrudishe pale pale ulipomtoa, kwenye mfereji ule ule. Hilo kwake linaruhusiwa maana ni kwao.

*Hujambo Shangazi. Nimeanza na tangi jipya. Nililisugua kwa sabuni likang'aa, nikajaza maji safi ya mfereji, nikaweka samaki kumi na watano siku hiyo hiyo. Wiki imeisha, wamebaki wawili. Maji ni safi kama ya chupa! Ni mimi, Msafi, Kondele.*

Pole, dada. Usafi ndio uliowaua.

Maji ya mfereji yana klorini, ambayo kwako ni kinga na kwa samaki ni moto kwenye matamvua. Yaache maji kwenye ndoo wazi saa 24 au zaidi, au nunua dawa ya kuondoa klorini, matone machache tu. Sabuni usiitie tena kwenye kitu chochote kitakachogusa maji yao. Chumvi ya mawe na maji ya moto vinatosha kusugulia kioo.

Lakini hata bila klorini wangekufa. Samaki anakula, anajisaidia, na kinyesi chake kinatoa amonia, sumu isiyoonekana. Katika tangi la zamani kuna bakteria wanaokaa kwenye changarawe na kwenye sponji ya kichujio, na kazi yao ni kuigeuza hiyo amonia kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, kisha wenzao wanaigeuza kuwa naitreti, ambayo samaki anaweza kuivumilia mpaka utakapobadilisha maji. Bakteria hao hawauzwi sokoni Kibuye. Wanajijenga wenyewe polepole, kwa wiki nne hadi sita. Wewe ulikaribisha wageni kumi na watano kwenye nyumba ambayo choo hakijachimbwa.

Kaa na hao wawili waliosalia. Walishe kidogo mno, badilisha robo ya maji kila baada ya siku chache, na mwombe mwenye tangi la siku nyingi akupe kipande cha sponji yake chafu. Naam, chafu. Ibebe ikiwa na maji yake. Ukitimiza wiki sita, ongeza watatu, halafu subiri. Wageni wapya wakae kwanza kwenye beseni lao wiki mbili tatu uwaone kama wana madoa meupe au wanajikuna kwenye mawe. Siku ya kuwahamisha, zima taa, mfuko uelee juu ya maji dakika kumi na tano, na usimwage maji ya dukani ndani. Na stima ikipotea, ambayo itapotea, chota maji kwa kikombe uyamimine kutoka juu, tena na tena, mpaka irudi. Mimi nimefanya hivyo usiku kucha nikiwa na kitenge kichwani. Jirani alidhani naombea kitu.

Sasa majibu ya mbio kwa walioniandikia mistari miwili miwili.

Wa mtaa wa Tom Mboya: samaki wa dhahabu ni wa maji baridi. Limuru angestarehe. Kisumu hii, ambapo mimi mwenyewe natafuta kivuli saa nne asubuhi, maji ya tangi hupanda hadi digrii 28, na maji ya moto hushika oksijeni kidogo. Ndiyo maana anakaa juu akihema. Yeye na gapi hawatafutani kwa ubaya, ila mmoja wao siku zote atakuwa anaishi hali ya hewa ya mwenzake.

Wa Manyatta: beta dume mmoja. Mmoja! Wawili ni ndondi. Na usimweke na gapi dume mwenye mkia mrefu, maana beta akiona mkia wa kupepea hudhani ametukanwa.

Wa Nyamasaria: umeniuliza kwa nini wale wenye mistari kama ya chui milia wanang'ata mapezi ya samaki malaika wako. Ni kwa sababu umewanunua wawili. Samaki wa kundi hutakiwa awe na kundi, sita au wanane, wapate kusumbuana wenyewe kwa wenyewe. Ukimnyima wenzake atamgeukia mgeni. Hata hivyo, kwa malaika yule mwenye mapezi kama buibui la arusi, mimi nisingewaweka kabisa.

Wa Riat, uliyeuliza kama mbuta mchanga anaweza kufugwa kwenye tangi: rudi juu usome jibu la kwanza, halafu unywe maji.

*Shangazi, nahamia Nairobi na nyumba niliyopata ni ndogo. Pleko wangu amefikia urefu wa mkono hadi kiwiko, hakuna anayemtaka. Jumapili nataka nimpeleke Dunga nimwachilie ziwani, pamoja na mimea yangu ya majini. Nitakuwa nimefanya wema, sivyo? Ni mimi, Mwenye Huruma.*

Hapana.

Nakaa Dunga. Nitakuona.

Ukiwa hapo ufuoni Jumapili, weka mfuko wako chini na utazame majini. Ukiona kijani kimetanda kuelekea gatini, hilo ni gugumaji. Asili yake ni Amerika Kusini, na aliyelileta Afrika hakuwa adui wa mtu; aliona ua la zambarau akalipenda, kama ulivyopenda mimea yako. Kwenye ziwa letu lilionekana mwishoni mwa miaka ya 1980. Kufikia mwaka 1998 bandari ya Kisumu ilikuwa imezibwa, mitumbwi ilishindwa kutoka, na mimi nimewahi kuuona mtumbwi wenye mzigo wa samaki ukikaa hatua mia mbili kutoka nchi kavu mpaka samaki wakaharibika, wanawake tumesimama na makarai tukitazamana na wavuvi. Fukusi wadogo wanaokula gugu hilo tu walikuwa wameshaachiliwa upande wetu mwaka 1997, na baadaye, kwa miaka kadhaa, likapungua. Hurudi kila linapojisikia.

Pleko ana ngozi kama bati na ni wachache wanaoweza kummeza. Marekani na Meksiko wapo waliomwachilia kwa huruma kama yako, na leo anachimba mashimo kwenye kingo za mito na kujaa kwenye nyavu badala ya samaki wa kuliwa. Mpeleke shule yoyote yenye bwawa lililozungukwa na saruji, lisilomwaga mtoni. Wanafunzi watampenda. Mimea ianike juani mpaka ivunjike mkononi, ndipo uitupe.

Ya mwisho ni ndefu, lakini nimeiweka mwisho kwa sababu niliisoma mara tatu.

*Hujambo Shangazi? Niliagiza samaki wanne kutoka kwa muuzaji wa Nairobi. Aliniambia ni wa kigeni, wamezalishwa Ujerumani. Dume mmoja ana mgongo mwekundu, ubavu wa manjano na mistari myeusi ya kusimama. Majike watatu ni wa kijivu tu. Nililipa shilingi elfu mbili kwa kila mmoja. Wiki jana Dani, nyanya yangu, alikuja kutoka Usenge kupimwa macho, maana tuliambiwa haoni vizuri. Akavuta kiti hadi mbele ya tangi, akakaa kimya kama robo saa, halafu akasema: "Huyu ni fulu." Nikamwambia, la, Dani, huyu katoka Ujerumani. Akacheka mpaka leso ikamwanguka. Tangu siku hiyo anauliza nilimnunua kwa pesa ngapi. Pia jike mmoja hajala siku kumi na kidevu kimevimba. Je, ni ugonjwa? Na naweza kuongeza samaki gani wengine? Ni mimi, Mjukuu Aliyebanwa, Mamboleo.*

Mjukuu, macho ya Dani ni mazima. Mwambie daktari ampime mwingine.

Kwa maelezo yako, huyo ni fulu ambaye wataalamu walimpa jina la Mwalimu Nyerere mwaka 1985, na kundi lake wanaliita Pundamilia, kwa Kiswahili hiki hiki, kwa ajili ya ile mistari. Kwao ni visiwa vya mawe vya upande wa Tanzania, lakini mtu wa Usenge akimwita fulu hajakosea ukoo. Mbuta alipokuwa akimaliza ndugu zake humu ziwani, baadhi walikuwa wameshachukuliwa wakiwa hai na kuzalishwa kwenye matangi ya ng'ambo, kwenye bustani za wanyama na kwa watu binafsi, kizazi baada ya kizazi. Wafugaji wa huko wana fulu mwingine mwekundu na kijani wanayemwita fulu wa Krismasi, na neno "fulu" wanalitamka hivyo hivyo, bila kujua kwamba ni Kijaluo. Huyo anatoka Kanyaboli, kile kiziwa cha Siaya kando ya kinamasi cha Yala, ambako mafunjo yaliwazuilia fulu na ngege wa asili wasikutane na mbuta. Kwa hiyo wako umemleta nyumbani kupitia Ulaya. Si wewe wa kwanza kurudi hivyo Nyanza.

Jike haumwi. Tazama kidevu chake kwenye mwanga wa pembeni, utaona kitu kinageuka ndani, taratibu, kama mtu anayesukutua pipi kubwa. Ni mayai. Fulu jike hutaga, papo hapo huyazoa kinywani, na dume ana madoa ya rangi ya chungwa kwenye pezi la chini yanayofanana na mayai. Jike akienda kuyazoa na hayo, ndipo mbegu za dume humwingia kinywani na kuyarutubisha yaliyomo. Atakaa bila kula wiki mbili hadi tatu. Ukimwona anatema watoto kisha anawameza tena kwa sababu umepita na ufagio, usipige kelele. Hawali. Anawaficha. Hicho ndicho kinywa pekee ambacho sitakuambia ukiogope.

Kuhusu kuongeza wengine, nakuomba usiongeze dume wa fulu wa aina nyingine. Dume wako ni mwekundu. Ana ndugu anayefanana naye kwa kila kitu ila yeye ni wa buluu, na majike huwatofautisha kwa macho tu. Watafiti wakiongozwa na Ole Seehausen walieleza mwaka 1997 kwamba pale ziwani maji yalipochafuka kwa matope na mwani, mwekundu na wa buluu walionekana sawa, majike wakachanganya, na aina mbili zikawa moja ya rangi ya majivu. Hata mbuta hakuhitajika hapo. Uchafu wetu ulitosha. Kwenye tangi, taa mbovu au upungufu wa madume utafanya vivyo hivyo. Ongeza majike wawili zaidi ili dume asimwandame mmoja mpaka amuue. Panga mawe yenye mapango. Basi. Hilo ni tangi lililojaa, hata kama unaona nafasi.

Sasa Dani. Kabla hajarudi Usenge, nunua daftari na uketi naye hapo mbele ya kioo. Muulize fulu alivyokuwa akianikwa, ni nani aliyepewa wakubwa na nani wadogo, na kama walikuwa na majina mengine kwa wale weusi, wale wa midomo minene, wale wa mawe. Mama yangu alikuwa na majina hayo. Mimi nilikuwa na haraka ya kwenda kupokea mbuta, sikuyaandika.

Akiuliza tena bei, mwambie mia mbili kwa wote wanne. Hata hiyo atasema umeibiwa.